Macho ya samaki: Jibu kwa msomaji aliyepita nyumbani kwa Meenakshi wa Madurai

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nilimpeleka mama Madurai, kusini mwa India, akatibiwe macho. Siku alipofunguliwa bandeji, muuguzi mmoja akatuambia tusiondoke bila kwenda kwa Meenakshi. Tulizunguka hekalu lote, tukazuiwa kwenye mlango wa ndani. Usiku tukaona wanaume wamebeba machela, mbele yao zumari na ngoma, tukaambiwa mume wa mungu anapelekwa kulala kwa mkewe. Tangu turudi mama hanyamazi. Anauliza: wale wanaabudu samaki? Mungu anaolewaje? Kasuku mkononi ni wa nini? Na kuna mtu alimpa karatasi yenye unga mwekundu, bado iko kwenye mkoba. Sisi ni Waislamu. Aufanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Mpe mama hongera kwa macho yake, na umwambie maswali yake ni mazuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Niliishi Madurai miaka mitatu nikisoma, mitaa miwili kutoka lango la magharibi la hekalu hilo, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuuliza aliyoyauliza yeye kwa siku moja.

Nianze na jambo ambalo ukilishika, mengine yatafuata. Kwa watu wa Madurai, Meenakshi ni malkia wa mji ule, na hekalu ni nyumba yake. Nasema nyumba kwa maana ile ile unayoijua wewe. Alfajiri anaamshwa. Anaogeshwa, anavishwa hariri, anapambwa, analetewa chakula, anapokea wageni. Adhuhuri milango inafungwa mpaka alasiri, apumzike. Jioni anapokea wageni tena, usiku mumewe analetwa, taa zinapunguzwa, wanalala. Kila mlichokiona mle ndani, toka shada la asumini hadi machela ya usiku, ni utumishi wa nyumba ya malkia. Mtu akiingia na picha ya msikiti au kanisa kichwani, mahali ambapo watu hukusanyika kwa saa maalumu wakasali kisha wakatawanyika, atatoka hajaelewa kitu, maana mle hakuna anayekusanya watu. Wageni huja kwa wakati wao, wakamwona mwenye nyumba, wakaenda zao.

Sasa samaki. Hapana, hawamwabudu samaki. Jina Meenakshi ni la Kisanskriti: mina ni samaki, akshi ni jicho. Watamil, wenyeji wa eneo lile, wana jina lao, Angayarkanni, lenye maana hiyo hiyo, mwenye macho mazuri kama samaki. Maana ya kwanza ni uzuri tu. Washairi wa India wamekuwa wakifananisha macho ya mwanamke na samaki kwa karne nyingi: marefu, yaliyochongoka pembeni, yanayong'aa na kucheza kama samaki mdogo kwenye maji maangavu. Mama, aliyezaliwa ufukweni, hatahitaji maelezo zaidi hapo.

Maana ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Walimu wa Kihindu wana mfano wa viumbe watatu wanaolea watoto kwa namna tatu. Ndege huatamia mayai yake kwa kuyagusa. Kobe hutaga akaenda zake, akayalea kwa kuyawaza akiwa mbali. Samaki huyatazama tu, na kwa kule kutazama yakaanguliwa. Wavuvi wetu watasema samaki hawafanyi hivyo, na ni kweli, lakini mfano haukuletwa kufundisha uvuvi. Umeletwa kueleza namna mwalimu anavyomwamsha mwanafunzi, kwa mguso, kwa jicho au kwa wazo, na namna mungu anavyomlea mja. Meenakshi hulea kwa jicho. Na kwa kuwa samaki hana kope za kufumba, watu husema jicho lake halilali: usingizini mwako, yeye anakutazama. Kuna mungu mwingine wa kike mwenye jina la macho huko Kanchipuram, Kamakshi, na mwingine Varanasi, Visalakshi, mwenye macho mapana. Watamil huwataja hao watatu pamoja, kama ndugu wa tumbo moja.

Maana ya tatu ni ya siasa. Madurai ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Pandya, na alama yao ilikuwa samaki. Wameichora kwenye sarafu zao, wameichonga kwenye majengo yao. Basi malkia mwenye macho ya samaki amebeba usoni mwake muhuri wa dola ile. Wafalme walishakwisha zamani, jina lake limebaki.

Hapo mama atauliza: jiwe linatazamaje? Hili nitalieleza taratibu, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokosea kwa kukimbilia hukumu.

Mchongaji wa sanamu ya hekalu humaliza mwili wote kabla ya macho. Macho ni ya mwisho, na hufunguliwa kwa ibada maalumu. Mpaka hapo, hata kwa Mhindu mwenyewe, lile ni jiwe, unaweza kulikalia. Baada ya macho kufunguliwa na pumzi kuombewa iingie, hulikalii tena, maana sasa kuna anayekuona. Ndiyo sababu neno kubwa la ibada yao ni darshan, kuona. Mtu hasemi "nimekwenda kusali", husema amekwenda kupata darshan: kumwona mungu, na zaidi ya hapo, kuonwa naye. Ukimuuliza Mhindu msomi kama mungu ni lile jiwe, atakwambia mungu hana mipaka, lakini amekubali kushuka mahali hapa, katika umbo hili, ili sisi wenye macho ya nyama tupate pa kumtazama. Unaweza kukubali au kukataa imani hiyo, na sisi kwa dini yetu tuna msimamo wetu unaojulikana. Ila tuikatae au tuikubali ikiwa imeelezwa kama wenyewe wanavyoieleza.

Na kuna sanamu zaidi ya moja. Iliyo chumba cha ndani kabisa ni ya jiwe na haitoki kamwe. Inayotembea mitaani siku za sikukuu ni nyingine, ya shaba. Ni Meenakshi yule yule, kama malkia anayekaa barazani na akatoka kutembea mjini.

Nikuoneshe kwa karibu kile kilichokuwa nyuma ya mlango mliozuiwa. Pazia limefungwa. Ndani, kuhani anamwogesha malkia kwa maziwa, mtindi, asali, maji ya dafu, manjano na liwa. Huku nje watu wamesimama wamebanana, wanawake wana asumini nyweleni, maana asumini ya Madurai ni maarufu India nzima, na harufu yake ndiyo inayokupokea kabla hujafika langoni. Wote wanaliangalia pazia. Ghafla kengele, ngoma, pazia linavutwa, na mle gizani unamwona: mwanamke amesimama, amejipinda kidogo kiunoni, hariri, dhahabu, kipini cha pua kinachometameta. Kuhani anazungusha mwali wa kafuri mbele ya uso wake, na kwa ule mwali mnaona macho. Mikono yote inapanda juu kwa pamoja. Kisha ule mwali unaletwa nje kwenye sinia, kila mtu anapitisha viganja juu yake na kuvipeleka kwenye macho yake mwenyewe. Macho kwa macho. Nusu dakika, pazia linarudi.

Sasa kisa chake, maana bila kisa ndoa haieleweki. Mfalme Malayadhwaja wa Pandya na mkewe Kanchanamala hawakuwa na mtoto. Wakafanya sadaka ya moto wakiomba mwana wa kiume. Katikati ya ndimi za moto akatoka msichana wa miaka mitatu, na ana matiti matatu. Wazazi wakaingiwa na huzuni. Sauti ikatoka juu: msihuzunike, mleeni kama mngemlea mwana wa kiume, na siku atakapokutana na mume wake, titi la tatu litatoweka. Wakamwita Tadatagai. Akafundishwa farasi, upinde na elimu ya utawala. Baba alipofariki, akavishwa taji yeye. Akatoka na jeshi kushinda dunia, pande zote nane, mpaka akapanda mlima Kailasa anakokaa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Akalishinda jeshi la Shiva pia. Kisha Shiva mwenyewe akatoka, wakatazamana. Titi la tatu likatoweka, na yule jemadari akainamisha macho kwa haya. Angalia kisa kinavyozunguka kwenye jicho tena: hakuna aliyemshinda kwa upanga, ni kutazamana tu.

Shiva akaja Madurai kumuoa, na akabaki. Kule anaitwa Sundareswarar, bwana mzuri, na kisa kinasema alitawala kwa jina la Sundara Pandya. Yaani mume ndiye aliyehamia kwa mke, akavaa jina la ukoo wa mke. Kwa mtu wa Lamu au wa Mombasa ya zamani, ambako binti hujengewa nyumba na mume akaingia humo, hili wala si geni.

Mbele ya lango la mashariki kuna ukumbi uitwao Pudu Mandapam, uliojengwa enzi za Thirumalai Nayak, aliyetawala Madurai kuanzia 1623 hadi 1659. Huko, kwenye nguzo, amechongwa Meenakshi akiwa bado na matiti matatu. Ndani ya hekalu, kwenye nguzo ya ukumbi ulio mbele ya chumba cha Shiva, amechongwa siku ya harusi. Hiyo ya pili niliitembelea mara nyingi mno. Wako watatu. Kulia ni Shiva, ananyosha mkono. Kushoto ni Vishnu, mungu mwingine mkuu, ambaye Madurai humhesabu kuwa kaka wa Meenakshi, anamimina maji kuashiria kwamba anamtoa dada yake. Kwa lugha ya kwetu, ndiye walii. Katikati ni bibi harusi, kichwa kimeinama, mkono wake umo mkononi mwa mume, na jiwe limechongwa kwa ufundi hata vidole vyake unaviona vimelegea kama vya mtu asiyejua avishike vipi.

Kuna wasomi waliosoma kisa hiki wakasema kinafundisha kumfuga mwanamke: alikuwa shujaa, akaolewa, akanyamaza. Mimi siafiki, na sababu zangu ni za hekalu lenyewe. Mahujaji Madurai huanza kwa Meenakshi, ndipo huenda kwa mumewe. Mahekalu mengi ya Shiva katika nchi ya Watamil yana chumba cha mke pembeni, lakini hekalu hili watu huliita kwa jina la mke. Na Watamil wana swali la utani wanalowauliza wanandoa wapya: kwenu ni Madurai au Chidambaram? Chidambaram ni mji ambako Shiva mcheza ngoma ndiye mwenye sauti. Madurai ni pale ambapo mama ndiye mwenye nyumba. Tena wapo wanaokumbusha kwamba nguvu yote inayoendesha ulimwengu, shakti, kwao ni ya kike. Husema Shiva akiondolewa shakti hubaki shava, neno la Kisanskriti lenye maana ya maiti.

Na usisahau taji. Kila mwaka katika mwezi wa Kitamil wa Chithirai, Aprili kuelekea Mei, Meenakshi anavishwa taji na kupewa fimbo ya enzi, akatawala Madurai miezi minne. Kisha mumewe naye anavishwa taji na kushika miezi minane iliyobaki. Siku inayofuata kutawazwa kwake huigizwa vita vyake vya kushinda pande nane za dunia. Siku inayofuata hiyo ni harusi. Mpangilio huo si wa kubahatisha: anaolewa akiwa malkia.

Harusi ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo itakayomjibu mama jinsi mungu anavyoolewa. Anaolewa kama binti wa jirani. Mji mzima ni upande wa bibi harusi. Watu huleta michango ya harusi, kila mmoja kwa uwezo wake, na karamu hupikwa, watu wakala. Kuhani anapomfunga malkia uzi wa ndoa shingoni, maelfu ya wanawake walioolewa waliosimama pale hutoa nyuzi zao za zamani na kufunga mpya, zilizopakwa manjano. Nilisimama karibu na bibi mmoja mzee. Vidole vyake vilitetemeka, mkwewe akamsaidia kufunga fundo. Akanigeukia, akaniambia kwa Kitamil cha polepole ili nielewe: leo na mimi nimeolewa upya, na mume wangu yuko nyumbani analalamika magoti.

Kesho yake magari makubwa ya mbao huvutwa kwa kamba katika mitaa inayolizunguka hekalu. Na wakati huo huo kaka mtu, Vishnu wa Alagar Koil, umbali wa kilomita kama 20 kaskazini, yuko njiani kuja kumuozesha dada yake. Anachelewa. Anafika mto Vaigai amepanda farasi wa dhahabu, anaambiwa harusi imekwisha. Hasira zinampanda, anaingia mtoni na kugeuza bila kukanyaga mjini. Watu wa vijijini humiminika kumpokea, na macho yao yote yako kwenye rangi ya hariri aliyovaa: ikiwa ya kijani, mavuno yatakuwa mema. Madurai husimulia kwamba zamani sikukuu hizi mbili zilikuwa mbali, ya mjini na ya vijijini, ya wafuasi wa Shiva na ya wafuasi wa Vishnu, na kwamba Thirumalai Nayak ndiye aliyezikutanisha. Ni akili kubwa. Lakini ona pia jinsi kisa kilivyoachwa na ufa: kaka anachelewa kila mwaka, hafiki hata mara moja. Ukoo gani usio na mjomba wa namna hiyo?

Turudi kwenye machela mliyoyaona. Ndani yake hamkuwa na sanamu ya mtu mzima. Anachobebwa nacho Sundareswarar usiku ni nyayo zake, viatu vya fedha. Zinatolewa chumbani kwake, zinawekwa kwenye machela, na safari ya hatua chache kati ya nyumba mbili inaenda kwa mwendo wa bwana harusi: zumari mbele, ngoma, ubani, pepeo. Machela hupitishwa kwenye korido na kusimama njiani, kisha huingia upande wa mke, ambako kuna chumba cha kulala. Huko hupokewa kwa maua na taa, nyimbo huimbwa, mlango hufungwa. Alfajiri nyayo hurudishwa kwake. Hufanyika hivi kila usiku, mwaka mzima. Walimu wao hueleza kwamba usiku wawili hao hurudi kuwa kitu kimoja, nguvu na mwenye nguvu, na asubuhi ulimwengu huanza tena kwa kutengana kwao. Mimi nilikuwa nikisimama pale mlipoishia nyinyi, na kilichonishika zaidi ni kwamba mwenye kutoka na kwenda ni mume. Mke haendi kwa mtu.

Kasuku. Ameshika kasuku mkono wa kulia, pamoja na maua. Ndege huyu ana maana mbili nilizozisikia mara kwa mara. Katika hadithi za Kihindi kasuku ni kipando cha Kama, mungu wa mapenzi, hivyo anafaa mkononi mwa bibi harusi. Na kasuku hurudia anachoambiwa: unamnong'oneza haja yako, naye anairudia sikioni mwa malkia mpaka akusikie. Kando ya ziwa la Lotasi ya Dhahabu, lile bwawa la ngazi mlilopita, kuna ukumbi ambao mpaka leo huitwa ukumbi wa tundu la kasuku. Zamani kasuku walifugwa pale, wakafundishwa kutamka jina la Meenakshi. Tena rangi yake inaafikiana na ya mwenyewe, maana nyimbo humsifu Meenakshi kuwa wa kijani cha zumaridi.

Kwa kuwa nimelitaja bwawa, niruhusu neno moja kwa wapenzi wa mashairi. Watamil husimulia kwamba katika maji yale kulielea ubao wa kupima tungo: shairi bora liliwekwa likapokewa, shairi bovu likatoswa. Madurai ni mji wa washairi, na malkia wao hupenda kuimbiwa. Katika karne ya 17 mshairi Kumaraguruparar alimtungia tungo za kumbembeleza kama mtoto mchanga, kwa mtindo wa Kitamil unaomfuata mtoto hatua kwa hatua: anavyolazwa kwenye kitanda cha kubembea, anavyopiga makofi, anavyoombwa busu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akizisoma mbele ya Thirumalai Nayak, msichana mdogo alimpanda mfalme mapajani, akamvua mkufu wa lulu, akamvika mshairi shingoni, akapotea. Kwa hiyo malkia yule, jemadari yule, bibi harusi yule, ni mtoto wa kubembelezwa pia. Na mwanamuziki mkubwa Muthuswami Dikshitar, aliyefariki mwaka 1835, inasimuliwa alikata roho wanafunzi wake wakimwimbia wimbo wake kwa Meenakshi, walipofika pale anapoitwa mwenye macho ya samaki, mfungua vifungo.

Historia ya jengo nitaipitia kwa haraka, maana mlishaliona. Majeshi ya Malik Kafur kutoka Delhi yalifika Madurai mwaka 1311 na kupora. Baadaye likaja dola la Vijayanagara, kisha watawala wa ukoo wa Nayak, na mengi mliyoyaona ni kazi ya karne ya 16 na ya 17. Minara ni 14. Ule mrefu zaidi, wa kusini, unafika karibu mita 52. Ukumbi uitwao wa nguzo elfu una nguzo 985.

Lakini mlango mliozuiwa nitakaa nao kidogo, kwa sababu mmeutaja kwa unyonge na mna haki ya kujua. Chumba cha ndani ni cha Wahindu peke yao, na mlichofanyiwa hakikuwa dharau kwenu. Ni sharti la nyumba, hata makuhani wana yao: anayemhudumia Meenakshi kwa mikono yake lazima azaliwe katika koo za makuhani wa hapo, awe ameoa na awe amepewa daraja. Hata hivyo mlango huo uliwahi kufungwa kwa namna ambayo sitaitetea. Kwa karne nyingi Wahindu wenyewe wa matabaka ya chini, Wadaliti na jamii nyingine kama Wanadar, walikatazwa kuingia. Fikiria: mungu ambaye malezi yake yote ni jicho, na kuna waja wake ambao walilazimishwa kukaa pale jicho lisipofika. Tarehe 8 Julai 1939 mwanasheria wa Madurai, A. Vaidyanatha Iyer, ambaye mwenyewe alikuwa Brahmini, wa tabaka la juu la makuhani, aliingia na kundi dogo lao mchana kweupe mpaka mbele ya Meenakshi. Baadhi ya makuhani waligoma. Serikali ya Madras, jimbo la wakati ule, ikaweka sheria ya kuwalinda walioingia, na mlango haukufungwa tena. Gandhi, aliyekuwa akikataa kuingia hekalu lisilowapokea wote, alikuja kumwona Meenakshi mwaka 1946. Nilipokuwa kule, mwenyeji wangu, mtu wa mojawapo ya jamii zile zilizokatazwa, alikuwa akienda kila Ijumaa. Babu yake, aliniambia, alikuwa akisimama mtaani, anautazama mnara, anageuka.

Sasa karatasi ya mama. Unga ule mwekundu ni kumkumu, hutengenezwa kwa manjano. Kwa Meenakshi watu hupewa huo, kwa mumewe hupewa jivu. Umelazwa miguuni pake kisha ukagawiwa, na mwenye kuupokea huutia kidogo katikati ya paji la uso. Aliyempa mama alikuwa akimshirikisha mgeni neema ya nyumbani kwao, kama vile sisi tunavyomfungia mgeni halua asiende mikono mitupu. Mama hakuapa kitu kwa kuupokea, wala hadaiwi chochote. Kama jambo hilo lina ubishi wa dini moyoni mwake, amuulize shehe wenu, mimi siyo wa kumjibia hilo.

Ninachoweza kumwambia ni adabu ya kule. Mhindu haitupi kumkumu jaani, wala haimwagi mahali pa kukanyagwa. Kama mna jirani Mhindu hapo Tanga, mpelekeeni na mmwambie imetoka wapi. Wengi wa Wahindu wetu ni Wagujarati, nao wana mama yao Amba wanayemchezea ngoma usiku tisa za Navaratri, lakini jina la Meenakshi watalijua, na nadhani mtakaribishwa chai. Kama hamna jirani wa hivyo, mama aimwage chini ya mti unaomea au kwenye maji yanayokwenda. Ile karatasi aikunje tu na kuiweka, kama anataka kumbukumbu ya siku aliyofunguliwa macho.